Swali Moja Katika Kliniki ya Meno: Jinsi Tunavyokusaidia Kuacha Tumbaku

Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo ya afisa anayesimamia huduma za afya ya kinywa na meno katika kaunti yetu. Aliyatoa mbele ya wakaazi, machifu na wahudumu wa afya ya jamii, baada ya wahudumu wa kliniki zetu za meno kukamilisha mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa kuacha tumbaku.

  Najua wengine mmefunga duka na wengine mmeacha pikipiki stejini. Sitawaweka sana.

Nataka kuanza kwa kukiri kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaja katika ofisi hii, mama mmoja wa makamo alikuwa akija kliniki nilikokuwa nikifanya kazi. Mara ya kwanza alikuja jino likimuuma, nikaling'oa. Mara ya pili alikuja akilalamika kwamba fizi zake zimeanza kuachana na meno. Kila alipokuja nilimuuliza, "Mama, unavuta sigara?" Naye alicheka, akasema, "Daktari, mimi na umri huu nivute sigara?" Nami nikaandika kwenye kadi yake: havuti.

Mara ya tatu alikuja na kidonda kisichopona, ndani ya mdomo wa chini, pale mdomo unapokutana na ufizi. Pembeni mwa kidonda palikuwa peupe na pana mikunjo. Ndipo nilipomuuliza kama huweka kitu chochote mahali pale. Akafungua fundo la leso yake, akatoa kikopo kidogo cha ugoro. Alikuwa akiuweka hapo tangu alipokuwa bibi arusi. Nilipotaka kujua kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa upole, "Hukuniuliza ugoro, daktari. Uliniuliza sigara."

Kidonda kile kilikuwa saratani. Alipewa rufaa, akafanyiwa upasuaji, na nashukuru kwamba yu hai. Lakini sehemu ya taya lake iliondolewa, na hadi leo kula kwake ni kwa shida. Mama yule hakunidanganya. Alijibu swali nililomuuliza. Alikaa kwenye kiti changu mara mbili kabla ya kidonda kile, na mara zote mbili nilitibu meno nikamwacha mwenye meno aende zake.

Mafunzo ambayo wahudumu wetu wamemaliza yanahusu jambo hilo: kuuliza swali lililo sawa, kwa kila mgonjwa, na kujua la kufanya baada ya jibu. Nimekuja kuwaeleza ninyi kwa sababu swali hilo mtaulizwa ninyi. Ningependa likufikie ukiwa unajua linatoka wapi na linaelekea wapi.

Kwa nini kliniki ya meno?

Watu huniambia, "Daktari, kazi yako ni kung'oa na kuziba. Mambo ya tumbaku si ya daktari wa mapafu?" Nawajibu kwamba kabla tumbaku haijafika kwenye mapafu wala moyoni, hupita mdomoni. Sisi ndio tunaokaa mlangoni.

Chukua mfano wa mvutaji wa sigara. Moshi na nikotini hubana mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Mtu asiyevuta akiwa na ugonjwa wa fizi, huona damu anapopiga mswaki, akashtuka, akaja kliniki. Mvutaji mara nyingi haoni damu hiyo. Anadhani fizi zake ni nzima, kumbe mfupa unaoshikilia meno unaliwa chini kwa chini. Anapokuja kwetu, meno yanatikisika.

Chukua mtu aliyeng'olewa jino. Tundu la jino hufunikwa na donge la damu, na donge hilo ndilo linalolinda mfupa mpaka nyama ijifunge. Akivuta sigara siku hiyo au kesho yake, donge linaweza kutoka na mfupa ukabaki wazi. Maumivu yake humfanya mtu mzima alie usiku. Wengi hudhani daktari aling'oa vibaya.

Chukua mtumiaji wa ugoro au tumbaku ya kutafuna. Kuna imani kwamba kwa kuwa hakuna moshi, hakuna madhara, na kwamba ugoro ni kitu cha asili tulichoachiwa na wazee. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Najua mahali ambapo kumpa mgeni ugoro ni heshima. Lakini shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limethibitisha kwamba tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo saratani ya mdomo. Na mtu anayetumia tumbaku pamoja na pombe hatari yake huwa kubwa zaidi, kwa sababu viwili hivyo husaidiana kuharibu.

Wapo pia wanaoweka ugoro kwenye jino linalouma ili kupata nafuu. Unaweza kuhisi ganzi kidogo, lakini jino linaendelea kuoza, na ukija kwetu limeshafikia kung'olewa.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia kwetu. Kijana wa miaka 25 anayekuja kuziba jino hajioni mgonjwa. Huenda mwaka mzima asikutane na mhudumu mwingine wa afya. Na akiwa kwetu tunaweza kumpa kioo, akaona mwenyewe madoa, fizi zilizorudi nyuma, au doa jeupe ndani ya shavu. Mapafu huwezi kumwonyesha mtu kwa kioo. Mdomo unaweza.

Swali linalowaacha wengi nje

Nirudi kwa lile swali langu la makosa. Mwaka 2014 ulifanywa utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku miongoni mwa watu wazima nchini Kenya. Ulionyesha kwamba watu wazima milioni 2.5, yaani asilimia 11.6, walikuwa wakitumia tumbaku. Ukiangalia ndani ya takwimu hizo utaona jambo la kushangaza. Kwa wanaume, asilimia 15.1 walikuwa wakivuta, na asilimia 5.3 wakitumia tumbaku isiyo na moshi. Kwa wanawake mambo yamegeuka: waliokuwa wakivuta hawakufika hata asilimia 1, lakini waliotumia tumbaku isiyo na moshi walikuwa asilimia 3.8.

Maana yake ni kwamba mhudumu anayewauliza wanawake "unavuta sigara?" anawakosa wengi wa wale anaowatafuta. Mama yangu wa leso alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo wahudumu wetu sasa wanauliza hivi: "Katika siku 30 zilizopita, umetumia tumbaku ya aina yoyote, iwe ya kuvuta, kunusa, kutafuna au kuweka mdomoni?" Kisha wanataja: sigara, kiko, shisha, ugoro, kuber, tambuu yenye tumbaku, na vile vifuko vya nikotini ambavyo vijana huvibana chini ya mdomo. Pia wanauliza kuhusu sigara za kielektroniki. Ni swali refu kidogo, lakini linamfikia kila mtu.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Mtauliza kwa nini tumefunza kikundi kizima badala ya daktari peke yake. Ni kwa sababu daktari peke yake alishindwa, na mimi ni shahidi. Asubuhi yenye foleni ndefu daktari anawaza jino linalofuata. Akiachiwa yeye kuuliza, kushauri, kueleza dawa na kupiga simu baada ya wiki, hatafanya hata moja.

Katika mafunzo tuligawana kazi. Karani wa mapokezi ndiye anayeuliza lile swali anapoandika jina na umri, na kuweka alama kwenye kadi. Daktari au afisa wa afya ya kinywa anayekutibu anatazama mdomo wote, anakuonyesha alichoona, na kukushauri waziwazi. Mhudumu mwingine aliyefunzwa anakaa nawe kando kwa dakika chache mpange siku ya kuacha. Na kuna anayebaki na daftari la kufuatilia, ambaye atakupigia simu.

Tulitumia muda mwingi kuigiza. Mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine mhudumu, wengine wanatazama. Mwanzoni tulichekana. Tuligundua kwamba wengi wetu, tukimkuta mtu anayetumia tumbaku, tulikuwa tukimgombeza. "Mzee, hata wewe? Unajiua bure!" Mtu akigombezwa hutikisa kichwa, akasema ndiyo daktari, na ziara inayofuata huficha. Tulilazimika kujifunza upya kuongea.

Na lazima niseme hili pia. Siku ya kwanza ya mafunzo mmoja wetu alisimama akasema, "Mimi nitamwambiaje mgonjwa aache, na pakiti iko mfukoni mwangu?" Chumba kilinyamaza. Hakuna aliyemcheka. Tulianza naye. Leo anaendelea na safari ya kuacha, na wagonjwa wanamsikiza kuliko wanavyonisikiza mimi, kwa sababu anajua ugumu wake.

Kazi hii haikuzuka kwetu. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka nchi kuwasaidia watu wanaotaka kuacha. Mwaka 2017 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kuunganisha huduma za kuacha tumbaku na huduma za afya ya kinywa. Na mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2021, yakikusanya majaribio 20 katika huduma za meno, yalionyesha dalili kwamba ushauri wa mara kadhaa huongeza idadi ya wanaofaulu. Ushahidi ulikuwa na nguvu zaidi pale ushauri ulipoandamana na dawa.

Utakachokutana nacho ukija

Sasa niwaeleze hatua, ili siku ukija usishtuke. Ni tano, na wahudumu wetu wamezikariri: kuuliza, kushauri, kupima utayari, kusaidia na kufuatilia.

Kuuliza nimeshaeleza. Kila mtu ataulizwa, awe padri, imamu, mwalimu au mwanafunzi wa chuo. Ukiulizwa, usidhani umenuka moshi au umetuhumiwa.

Kushauri ni sentensi chache tu, zikihusu mdomo wako wewe. Kwa mfano: "Kaka, tazama hapa kwenye kioo. Fizi zimeteremka upande huu. Ukiendelea kuvuta, hata nikisafisha vipi hazitashika. Kuacha ndiyo tiba kubwa kuliko yote nitakayokupa leo, na tuko tayari kukusaidia."

Kupima utayari ni kukuuliza kama ungependa kujaribu kuacha ndani ya mwezi huu. Unaweza kusema ndiyo, au bado, au hapana. Ukisema hapana, tutakushukuru kwa kusema ukweli, tutakupa karatasi yenye maelezo, tutatibu jino lako, na siku nyingine tutakuuliza tena. Hakuna atakayekunyima matibabu kwa sababu unatumia tumbaku.

Ukisema ndiyo, tunasaidia. Tunachagua pamoja siku ya kuacha, kwa kawaida ndani ya wiki 2, ili usipoe. Tunaandika ni saa gani hamu huja: baada ya chai? Ukisubiri abiria? Ukitafuna miraa na wenzako? Jioni ukipika? Kila saa tunaitafutia kitu kingine cha kufanya. Tunakushauri umwambie mtu mmoja nyumbani, na utoe ugoro, sigara na viberiti vyote ndani ya nyumba usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kufuatilia ni simu au ziara. Ya kwanza huwa ndani ya wiki ile ya kwanza, kwa sababu ndipo wengi huanguka. Tunapanga ziara hizo ziende sambamba na matibabu yako ya meno, usilipe nauli mara mbili.

Kuhusu dawa

Wengi hawajui kwamba kuna dawa za kusaidia kuacha. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu. Kemikali nyingine za tumbaku na moshi wake ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya magonjwa. Kwa hiyo kuna plasta ya kubandika kwenye ngozi na chingamu maalum, ambazo humpa mtu nikotini kidogo kidogo bila tumbaku, kisha kiwango kinapunguzwa mpaka aachane nayo. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009.

Chingamu hiyo haitafunwi kama ya dukani. Unaitafuna polepole mpaka usikie ladha kali, kisha unaiegesha kati ya shavu na ufizi. Ladha ikipungua, unatafuna tena kidogo na kuegesha upande mwingine, kwa karibu nusu saa. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake, kwa sababu huzuia nikotini kuingia mwilini vizuri. Ukiimeza nikotini yote kwa pupa utapata kiungulia na kichefuchefu, halafu useme dawa ni mbaya.

Niseme ukweli: dawa hizi hazipatikani kila mahali wala kila wakati. Zikikosekana tutakuambia waziwazi na tutakuelekeza. Usizinunue kwa kubahatisha. Mama mjamzito, anayenyonyesha, kijana wa chini ya miaka 18, au mtu aliyepata shida ya moyo hivi karibuni, azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Hata bila dawa, watu huacha, na ushauri wetu utaupata vilevile.

Na vijana mnisikize: vifuko vya nikotini vyenye ladha ya matunda na sigara za kielektroniki zinazouzwa madukani si dawa tunazotoa kliniki. Ndani yake mna nikotini, na nikotini hutia uraibu. Wengi waliotuambia walianza "kwa kuonja tu" sasa hawawezi kumaliza somo moja bila kutoka nje.

Wiki za kwanza

Mazoea yana taabu, na ukiacha utaisikia taabu hiyo. Siku 3 za kwanza huwa ngumu zaidi. Utakuwa mkali, usingizi utakuwa mbaya, utataka kula kila saa, kichwa kinaweza kuuma. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Familia zielewe: baba akifoka siku hizo, ni nikotini inayodai haki yake.

Hamu yenyewe huja kama wimbi, na baada ya dakika chache hupita hata usipovuta. Tunawafundisha mambo manne ya kufanya wimbi likija: chelewesha, vuta pumzi ndefu, kunywa maji polepole, na fanya jambo lingine kwa mikono yako.

Kuna jambo moja la fizi ambalo napenda mlijue mapema. Mvutaji akiacha, fizi zake zinaweza kuanza kutoka damu kuliko zamani. Wengine huogopa, wakasema kuacha kumewaletea ugonjwa, wakarudia. Damu hiyo ni ya mishipa iliyobanwa ambayo sasa inafunguka. Inafichua ugonjwa uliokuwa umejificha. Njoo tusafishe meno, na uendelee kupiga mswaki.

Faida huanza mapema. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12 hewa ya sumu inayotokana na moshi hupungua katika damu hadi kiwango cha kawaida. Kidonda cha jino kinapona vizuri zaidi. Baada ya mwaka 1 hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu. Na baada ya miaka 5 hadi 10, hatari ya saratani ya mdomo na koo nayo hupungua kwa nusu.

Mfuko nao hupona. Ikiwa mtu huvuta sigara 10 kwa siku, na kila moja anainunua kwa shilingi 15, hizo ni shilingi 150 kwa siku na 4,500 kwa mwezi wa siku 30. Kwa mwaka ni 54,750. Kila mmoja wenu afanye hesabu ya nyumba yake.

Ukianguka, rudi

Wengi hawafaulu mara ya kwanza. Mtu anaacha wiki 3, anaenda matanga, anapewa sigara moja, kesho yake ananunua pakiti. Kisha anaona aibu, anaacha kuja hata kutibiwa meno. Tafadhali, msifanye hivyo. Kwetu aliyerudia si mwongo wala mdhaifu. Tunamuuliza: uliweza wiki 3, nini kilikusaidia? Siku ile ya matanga ilikuwaje? Na tunapanga siku nyingine. Wahudumu wetu wamefundishwa kwamba mara ya nne huulizwa kwa upole uleule wa mara ya kwanza.

Na kuhusu siri: unachotuambia kinabaki kwenye kadi yako. Hatumwambii mume, mke, mzazi wala mwajiri wako. Chifu yupo hapa, na anajua kwamba hatutampelekea orodha ya watumiaji.

Ninachowaomba

Wazazi, msiwatume watoto dukani kuwanunulia sigara au ugoro. Wenye maduka, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara mojamoja. Najua moja moja ndizo zinazotoka haraka. Ndizo pia zinazomwingiza mtoto wa shule, kwa sababu bei ya pakiti haiwezi.

Wahudumu wa afya ya jamii, mnapopita nyumbani, ulizeni swali lile refu, si lile fupi. Ukimkuta mtu ana kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki 2, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, au shida ya kumeza, mlete kliniki hata kama haumwi. Saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi, na hapo ndipo huwa rahisi kutibika.

Na wewe unayetumia tumbaku, huhitaji kungoja jino liume. Njoo siku ya kliniki, useme tu kwenye mapokezi, "Nataka kusaidiwa kuacha." Ikiwa kliniki ni mbali, piga nambari 1192 ya NACADA. Ni bila malipo, na utazungumza na mshauri.

Yule mama wa leso nilimtembelea. Hanilaumu, ingawa ana haki. Nilipomweleza kwamba tunawafunza wahudumu wote, hata karani, kuuliza kuhusu ugoro, alifikiri kidogo. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ambayo sasa lazima uinamie ili uisikie: "Waambie waulize taratibu. Mtu akiulizwa kwa adabu, husema."

Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Sisi tumejifunza kuuliza. Nanyi, mkiulizwa, tuambieni ukweli, nasi tutatembea nanyi.

 Sasa nakaribisha maswali.